Maneno Mapya ya Duka la Wiebe

"Huyu ni wa kwako, Wiebe. Njoo umchukue," alisema Geesje Nijkamp, amesimama mlangoni pa duka lake la mapazia, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni. "Amekaa kwenye kiti changu tangu asubuhi, suruali kaikunja mpaka gotini."

"Wa kwangu kivipi? Mimi natengeneza baiskeli."

"Kamwambie yeye. Mimi nimeshamwambia, anasema ameona kwenye tovuti yako." Geesje akatoa simu, akainyoosha mbali kidogo kwa kuwa miwani ameiacha ndani, akasoma kwa sauti ya kutangazia kichochoro kizima: "'Tunakurudishia uhuru wa mwili wako. Kila safari huanzia ndani.' Haya, nionyeshe baiskeli iko wapi hapo."

Wiebe Terpstra, mwenye duka la mlango wa pili, akajifuta mafuta ya mnyororo kwenye aproni taratibu, kama mtu anayetafuta jibu kwenye vidole.

"Na wewe je? 'Tunalinda siri za nyumba yako.' Juzi si alikuja yule bwana anataka mkewe afuatiliwe?"

"Nilimsikiliza."

"Alinunua pazia?"

"Hakununua. Alilia, nikampa kahawa."

"Basi tuko sawa, jirani."

"Hatuko sawa hata kidogo. Wangu analia, anakwenda zake. Wako hataki kuondoka mpaka asuguliwe goti."

Ng'ambo ya kichochoro, chini ya turubai la muuza chipsi, bwana mmoja mwenye skafu ya hariri na mafua aliacha kutafuna. Jina lake lilikuwa Jurriaan Kwast, au ndilo alilokuwa akilitumia mwezi huo wa Novemba mjini Zutphen, Uholanzi. Zile sentensi alizijua. Alizijua kama mzazi anavyowajua watoto wake hata akiwakuta ugenini wamevaa nguo za watu. Ni yeye aliyezizaa, ni yeye aliyeziuza kwa simu, msimu mmoja wa baridi alipokuwa akijiita Bwana van Aerde na kuwaingiza mjini wenye maduka madogo kuanzia mpaka wa Ujerumani hadi baharini.

Tusimwonee. Kazi ya Jurriaan ilikuwa kuuza ukungu, na ukungu una wateja wake. Mwambie fundi baiskeli aandike kwamba anatengeneza baiskeli, atakuona huna shule. Mwambie anawarudishia watu uhuru, atavuta kiti. Kila mwenye duka dogo anatamani aonekane mkubwa, mwenye matawi, mwenye meza ndefu ya mikutano, na asimkose mteja hata mmoja aliye hai. Jurriaan alikuwa akiwauzia tamaa yao wenyewe, imefungwa utepe.

Sasa alichokiona mbele yake kilikuwa kizuri mno. Aliwatia ugonjwa, wamezidiwa, na hakuna anayemjua daktari. Angewauzia dawa, apewe taslimu, na kabla ya giza awe ameshavuka mto.

Cha kuvukia alikuwa nacho. Baiskeli yake ya umeme, ya kijani, mpya, ilikuwa imeegemea ukuta na mikoba yake miwili ubavuni, na ndani ya mikoba hiyo mlikuwa na kila alichokuwa nacho duniani. Ilikuwa nyumba yake, ofisi yake na malaika wake mlinzi. Katika kazi ile alikuwa na sheria moja tu: usitengane na magurudumu yako. Siku hiyo aliivunja kwa mkono wake mwenyewe. Akainama kama anayefunga kamba ya kiatu, akaifungua valvu ya gurudumu la nyuma, akausikiliza upepo ukitoka. Kisha akaisukuma baiskeli kuvuka kichochoro kwa uso wa huzuni.

"Samahani kuwasumbua katikati ya mazungumzo," alisema. "Nimepata pancha. Na nimesikia, bila kusikiliza, shida yenu. Ajabu ni kwamba hiyo ndiyo kazi yangu. Mimi ni mtu wa maneno."

Geesje alimtazama. Akamtazama Wiebe. Kisha akajikuna shingo kwa ncha ya ile futi, akasema kwa upole ambao majirani zake hawakuwa wameuzoea: "Mungu ametuletea. Wiebe, ipandishe baiskeli ya bwana juu."

Wiebe akaipandisha kwenye ndoano ya darini, akaanza kulifungua gurudumu bila haraka. Mwenye goti akaelekezwa kwa tabibu wa viungo karibu na stesheni. Jurriaan akapewa kahawa na biskuti moja, kopo la biskuti likafungwa kama ilivyo desturi ya huko, mambo yakawa rasmi.

"Tatizo lenu," alieleza, "ni kwamba aliyewaandikia alikuwa tapeli."

"Usiniambie," alisema Geesje.

"Tapeli kamili, mama. Mimi nitawapa ujumbe mpya, mmoja mmoja kwa kila duka. Nusu naomba sasa, nusu baadaye."

"Hapa tunalipa tukishaona," alisema Wiebe kutoka chini ya baiskeli.

"Na tukishaelewa," alisema Geesje.

"Na nani atasema mmeelewa?"

Geesje akanyoosha kidole juu, kwenye dari. Huko ghorofani vilisikika viti vikiburutwa. "Hilleke, mke wa Wiebe, leo ni siku yake ya kuzaliwa. Ukoo wote uko juu. Ukiwasomea wale wakaelewa, utakuwa umeelewesha nchi nzima. Unapewa chako chote palepale, taslimu."

Jurriaan nusura acheke. Watu wenye keki mdomoni huitikia lolote. Alikuwa amesahau jambo moja, kwa sababu tangu aanze kazi alikuwa akiishi kwenye simu: alisahau jinsi watu wa huku wanavyokaa kwenye sherehe.

Viti vilikuwa vimepangwa duara, mgongo ukutani, goti kwa goti, na katikati meza ndogo yenye vipande vya jibini na haradali. Hakuna anayesimama, hakuna anayezungukazunguka, na anayetaka kutoka lazima watu kumi wakunje miguu. Jurriaan alizunguka akitoa mkono, kama inavyotakiwa huku, ambako ndugu wote hupongezwa pamoja na mwenye siku. Hongera kwa dada yako. Hongera kwa shemeji yako. Hongera kwa jirani yako. Hongera wewe mwenyewe, Mama Hilleke. Alipomaliza hongera, nafasi iliyobaki ilikuwa kati ya Shangazi Trui na Mjomba Berend, mbali kabisa na mlango. Wakamchomeka hapo na kipande cha keki.

"Bwana huyu ametuandikia maneno mapya ya duka," alitangaza Wiebe. "Anasoma, ninyi mnasema nauza nini."

Jurriaan akakohoa, akalainisha koo. "'Pamoja, tunaisukuma kesho.'"

Watu wakatafuna.

"Mkunga," alisema Shangazi Trui.

"Mkunga hasukumi, anavuta," alisema Mjomba Berend. "Hao ni wahamisha mizigo."

"Shangazi, ni duka langu," alisema Wiebe. "Natengeneza baiskeli."

"Wewe najua unatengeneza baiskeli, uliniharibia breki. Nauliza huyu anatengeneza nini."

Jurriaan akatabasamu, akabadilisha chambo. "'Suluhisho zinazozunguka pamoja nawe.'"

"Mashine za kufulia."

"Au kizunguzungu. Dada yangu anacho, anameza vidonge."

"'Kwa sababu unastahili kusonga mbele bila kizuizi.'"

Mjomba Berend akaweka sahani chini. "Hiyo ni dawa ya tumbo," alisema kwa uhakika wa mtu mwenye haja nayo. "Iko bei gani?"

"Mzee wangu, haya ni maneno ya kugusa hisia."

"Hisia ninazo, kijana. Tumbo ndilo halisongi."

Yote hayo kwenye simu yalikuwa yakipita kama siagi. Kwenye simu mtu huona aibu kusema hajaelewa. Lakini hapa walikaa duara, na mtu akiwa duara na ndugu zake haoni aibu, anaona furaha. Jurriaan akawarushia ukungu mwingine, nao wakaupokea, wakaugeuza, wakamrudishia. Akawa benki ya mikopo. Akawa kanisa jipya. Dirishani mwanga ulikuwa unapungua, mvua imeanza, na baiskeli yake ilikuwa chini, inaning'inia kwenye ndoano bila gurudumu.

"Sasa huyu Wiebe anafanya nini hasa?" aliuliza Shangazi Trui, kama anayemsaidia mtoto mzito wa darasani.

"Anatengeneza baiskeli," alisema Jurriaan, na subira ikamkatikia palepale. "Baiskeli, mama. Imeharibika, unamletea, anatengeneza. Basi."

Duara likainama mbele.

"Za umeme pia?" aliuliza mtu.

"Za umeme pia. Yangu iko chini."

"Inakaa siku ngapi?"

"Ukiileta asubuhi, unaichukua kabla ya chakula cha jioni."

"Na kama haitengenezeki?"

Jurriaan akamtazama Wiebe. Wiebe akatikisa kichwa kidogo. "Anakwambia ukweli. Kuangalia ni bure," alisema Jurriaan.

"Mlango upi?"

"Wa kijani. Ule wa pili, wa bluu, ni wa mapazia, usimsumbue mama wa watu na magoti yako."

Maaike, mpwa wa Hilleke, alikuwa akiandika kwenye simu muda wote huo. Akasoma alichokipata, moja kwa moja, bila mbwembwe. Alipofika kwenye mlango wa kijani, Shangazi Trui akafuta makombo mapajani.

"Hiyo nimeielewa," alisema. "Kwa nini ulikuwa unatuficha?"

Jurriaan akawatazama mmoja mmoja. Katika miaka yake yote ya kuuza maneno, hakuwahi kuona uso wa mtu aliyeyaelewa. Alijisikia kama mtu aliyedondosha suruali sokoni, na watu wakasema suruali haikumkaa vizuri hata hivyo.

"Nimeshaweka kwenye tovuti," alisema Maaike.

"Zamu yangu," alisema Geesje. "Mimi nafanya nini?"

"Unashona mapazia, mama."

"Endelea."

Akaendelea. Wakamkamua kama nguo ya kufua: nani anakwenda kupima dirisha, nani anayatundika, kitambaa kikipauka inakuwaje. Simu ya dukani ikalia chini, Wiebe akashuka, akarudi akisema ni mama mmoja wa mtaa wa pili, ameona tovuti, anauliza kama anaweza kuleta baiskeli tatu za wanawe kesho asubuhi. Alilisema hilo kwa sauti ndogo, kama anayeogopa kulishtua. Hilleke akamshika mkono.

Jurriaan akaona ndiyo nafasi yake. Akasimama, watu wakakunja miguu. "Basi, nafurahi. Mmeona, mmeelewa. Nadhani tulikubaliana taslimu."

"Ulishalipwa, Bwana van Aerde," alisema Geesje.

Jurriaan akakaza skafu shingoni.

"Van Aerde ni nani?" aliuliza.

"Aliyetuuzia yale ya kwanza. Nilimweka kwenye spika ya simu nikashona pazia zima la dirisha la sebuleni huku anaongea. Pindo zote mbili. Sauti ukiishona hivyo haikutoki tena masikioni. Ulipofungua mdomo pale nje, ningeweza kukumalizia sentensi."

"Huyo atakuwa binamu yangu. Watu hutufananisha."

"Binamu yako ana mafua yako pia?"

Jurriaan akalitazama duara. Lilikuwa limekaa vizuri, linamsubiri, lina kahawa ya kutosha. Mtu wa mjini anajua wakati wa kubishana na wakati wa kukimbia. Akaomba radhi kwa wote, akapita magoti yote, akashuka ngazi mbili mbili mpaka kwa baiskeli yake. Wiebe akamfuata nyuma, mikono mfukoni.

"Gurudumu langu liko wapi?"

"Salama. Ila nimekuta breki zako si nzuri. Siwezi kukuachia hivihivi na mvua hii."

"Breki zangu ni mpya."

"Zilikuwa."

"Tovuti yako," alisema Jurriaan, "inasema kabisa, nimeisema mimi mwenyewe, mtu anaichukua kabla ya chakula cha jioni."

"Ukiileta asubuhi," alisema Wiebe. "Wewe umeileta mchana."

Geesje naye alikuwa ameshuka, amevaa koti. "Polisi tungewaita," alisema, "lakini polisi wangekunywa kahawa yetu, wakakuchukua, na maneno yangebaki yaleyale. Sikiliza. Pale pembeni kuna Geurt, muuza nyama. Wewe mwenyewe ulimwandikia: 'Tunawajali wanyama mpaka mwisho.' Watu wanamletea paka wazee awatunze. Mwanamume mzima anakesha na paka. Kesho unaanza na yeye. Halafu muuza maua. Halafu kinyozi."

"Halafu?"

"Halafu breki zitakuwa nzuri."

Juu, sherehe ilikuwa inavunjika. Hakuna aliyefukuzwa, harufu ya sufuria ilikuwa imetoka jikoni, na mtu wa Zutphen akisikia harufu ya sufuria ya mwenzake huchukua koti lake, kwa kuwa chakula cha jioni ni cha wenye nyumba tu. Wakashuka mmoja mmoja, Shangazi Trui, Mjomba Berend na tumbo lake, kila mmoja akimpa Jurriaan mkono na kumwambia hongera, kwa mazoea tu. Naye, kwa mazoea tu, akajifunga skafu yake vizuri, akasimama kizingitini akiitazama mvua. Mikoba yake miwili aliiona kwenye rafu ya juu, ambako mkono wake haukufika.

"Yule bwana wa maneno amekwenda wapi?" aliita Hilleke kutoka juu ya ngazi.

"Yuko hapa," alisema Wiebe. "Anataka kutoka."

"Atoke aende wapi bila gurudumu? Mpandishe." Hilleke akateremka vidato viwili, mwiko mkononi, akamwangalia jinsi alivyolowa bega moja. "Wewe, bwana, jina lolote lile. Kuna viazi vya kupondwa na sukuma wiki, na soseji nimeongeza moja. Vua viatu uje mezani, vinapoa."