Senti ya Tundu Juu ya Bati la Mama Mkwe

Jamani, leo nimeadhirika, tena ukweni. Nimeshuka kwenye Landrova ya Newala sasa hivi na nimekuja moja kwa moja hapa kijiweni, vumbi na yote. Najua habari itateremka Masasi kesho na gari la kwanza. Afadhali muipate kwangu kabla haijatiwa chumvi. (Haihitaji chumvi.)

Mnanijua. Pale sokoni nauza mitumba, lakini kazi yangu hasa ni macho. Mnaniita Bwana Senti, mnacheka, na mimi huwa nawaacha mcheke kwa sababu ninachokiona mimi ninyi hamkioni. Tangu biashara ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wa korosho wakaanza kumiminika huku, kuna mmoja wao anayekusanya sarafu za kale. Ndiye aliyenifungua akili. Zile senti kumi za mkoloni, za shaba, zenye tundu katikati, zimejaa kila nyumba. Watoto wanachezea. Mafundi baiskeli wanazifanya washa, zile pete za kukazia nati. Zote zinafanana, si ndiyo? Hazifanani! Chache sana zina viherufi viwili chini ya tundu, vidogo kama mayai ya chawa, alama ya kiwanda kilichozifua. Mwenye nayo hajui alichonacho. Anakupa bure, tena anakuonea huruma kwamba umechanganyikiwa.

Hapo ndipo ninapojisifu, na sioni haya. Nimezitoa kwenye mikebe ya vifungo, kwenye shanga za watoto, kwenye baiskeli za watu huku wenyewe wameshika usukani. Lakini ile ya viherufi viwili, ya mwaka ule alioutaja mnunuzi, sijawahi kuitia mkononi. Niliapa nikiipata siiuzi. Naiweka tu, niwe naiangalia.

Sasa, mchumba wangu Zuhura kwao ni Newala. Siku tulipopeleka posa nilikaa uani na wazee wangu. Mshenga anasema maneno mazuri kuhusu mimi, na mimi nimeinua uso naangalia bati la nyumba yao. Zuhura aliniuliza baadaye nilikuwa natazama nini juu. Nikamwambia nilikuwa naomba dua. Uongo mtupu. Nilikuwa nimeona kila msumari wa bati lile umevalishwa senti ya tundu. Mnakumbuka zile enzi dukani hakuna kitu, hata washa ya bati huipati? Baba Zuhura alijenga enzi hizo. Akaona senti za mkoloni hazinunui kitu tena, akazipigilia kwenye paa. Paa zima ni hazina, na wenyewe wanalala chini yake wanakoroma.

Tangu siku ile sikulala vizuri. Siku hizi maduka yamejaa, misumari yenye kofia unajichagulia. Nikanunua pakiti, nikatuma salamu kwamba mkwe mtarajiwa anaomba aje kukaza paa kabla ya masika, bure, kwa mapenzi tu. Mngeona majibu! Baba Zuhura alinisifu mtaa mzima. Alisema vijana wa siku hizi wanajua kuuza nguo za marehemu wa Ulaya tu, lakini huyu ana malezi. (Sikumsahihisha.)

Leo asubuhi nikapanda huko juu. Baba Zuhura akanipokea, shikamoo, marahaba, uji wa muhogo, kila kitu. Mama Zuhura sikumwona, na sikutakiwa kumwona. Mnajua mambo ya ukweni kule. Mama mkwe na mkwe hawakutani njiani, hawatazamani usoni, na salamu inapita nyuma ya mlango. Mimi hilo naliheshimu kabisa. Nikaambiwa, ili nisimbughudhi, nianzie paa la mbele, na yeye mambo yake yote atayafanyia upande wa nyuma. Baba Zuhura akaenda zake msikitini kurekebisha mkeka. Zuhura akabaki jikoni.

Nikapanda. Nyundo, koleo, misumari mipya mfukoni, na ile lenzi yangu ya fundi saa, ile unayoibana kwenye jicho kama umeota pembe. Nikaanza. Ng'oa, tazama, weka mfukoni, pigilia mpya. Ng'oa, tazama. Tupu. Tupu. Tupu. Upande wa mbele wote nikaumaliza, hakuna hata moja yenye herufi.

Mtu mwenye busara angeshuka hapo. Lakini mimi nina jicho, jamani, na jicho langu lilikuwa limeshavuka mgongo wa paa. Upande wa nyuma, karibu kabisa na ukingo, kulikuwa na senti moja ambayo msumari wake ulikuwa umekaa upande. Kitu kilikuwa kinachungulia chini ya kichwa cha msumari. Nikajiambia, mama yuko bombani, leo maji yametoka Newala na kila mwanamke yuko kwenye foleni, nani atajua? Nikavuka kwa tumbo, taratibu kama mjusi.

Sasa sikilizeni. Mama Zuhura alikuwa kweli ameenda bombani tangu alfajiri, akapata ndoo yake moja, akarudi. Angepita njia ya mbele ningemwona. Lakini kwa kuniheshimu mimi, mkwe wake, akazunguka njia ya nyuma ya mikorosho. Na pale nyuma kuna bafu. La matete. Mnajua bafu za matete zina ukuta, mlango wa gunia, na juu zina mbingu.

Mimi sikusikia kitu. Nimelala kifudifudi kichwa kikiwa ukingoni, lenzi jichoni, pua inagusa bati. Nikakamata kichwa cha msumari kwa koleo. Ukatoka. Nikaigeuza ile senti kwenye mwanga. Mwaka ule ule. Na chini ya tundu, viherufi viwili, vimesimama wazi kana kwamba vimechapwa jana.

Furaha ikanipanda. Nikapiga mluzi. Mluzi mrefu, wa kijana aliyeona kitu kizuri.

Chini yangu nikasikia mtu akigutuka. Nikainamisha uso, lenzi bado jichoni. Na kwa ile lenzi, ndugu zangu, vitu huonekana vikubwa sana. Nilichokiona ni macho mawili ya mama mkwe wangu yakinitazama, na povu la sabuni kichwani. Alhamdulillahi alikuwa ameshajifunga kanga, alikuwa anaosha nywele tu. Lakini nani atakayeamini?

Senti ikaniponyoka. Ikagonga bati mara moja, ikaruka, ikaingia bafuni.

Hapa ndipo naomba msinihukumu. Mkwe mwenye akili timamu angefumba macho, angeomba radhi, angejirusha upande wa pili akavunjika mguu na kuhifadhi heshima. Mimi nilipaza sauti, nikasema, "Mama, tafadhali usimwage hayo maji!"

Maji yalikuwa yameshamwagika. Aliipiga teke ndoo kwa mshtuko, maji yote ya foleni ya tangu alfajiri, kisha akapiga yowe ambalo nadhani hata Lupaso huku bondeni wamelisikia. Zuhura akatoka jikoni na mwiko. Majirani wakaja. Baba Zuhura akaja mbio kutoka msikitini, mguu mmoja una kiatu. Wote wakasimama uani wakaniangalia mimi, niliyelala ukingoni mwa paa, kichwa kikining'inia juu ya bafu, na lenzi imebanwa jichoni. Niliisahau. Niliivaa mpaka niliposhuka ngazi!

Ikabidi niseme kweli. Yote. Herufi, kiwanda, dua ya uongo siku ya posa. Nikamwaga mfukoni senti zao zote nilizozing'oa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoona wanavyozidi kutoniamini, mpaka jirani mmoja akasema pengine ningejitetea vizuri zaidi kama ningekiri kuchungulia, maana hilo angalau linaeleweka.

Baba Zuhura hakucheka. Aliniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma: "Kwa hiyo hukuja kwa ajili ya paa?" Nikasema hapana, baba. Nikaona harusi inaondoka, naiona kabisa inavyoshuka mteremko wa Newala bila mimi, na ndipo nikaogopa kweli. Senti hainipikii. Senti haitanicheka jioni kama Zuhura anavyonicheka. Nikapiga magoti pale pale kwenye tope la maji ya ndoo, na safari hii nilikuwa natazama chini.

Aliyeniokoa ni Mama Zuhura mwenyewe. Alikuwa ndani, nyuma ya mlango, ameshajifunika gubigubi. Akamwita Zuhura, akamnong'oneza, Zuhura akatoka akiwa ameuma midomo asicheke. Akasoma hukumu. Kwanza, nichukue ndoo, niende bombani, nipange foleni na wanawake mpaka nipate maji. Nimepanga. Wanawake wa Newala wana ndimi, nitawasimulia siku nyingine. Pili, Jumamosi nipande tena na bati mpya, niezeke lile bafu, mama asionwe tena na mkwe wala mwewe. Nikakubali, nikasema harusi je? Akasema harusi ipo, mama hana kinyongo na mtu anayejua kutafuta kitu kidogo kikipotea. Nilitaka kulia.

Nikasimama kujipangusa magoti, nikidhani yamekwisha. Nikauliza, kwa sauti ya chini sana, kama ile senti imeonekana.

Kutoka nyuma ya mlango, kwa mara ya kwanza maishani, mama mkwe akazungumza nami mwenyewe. "Ninayo mkononi, mwanangu. Usiogope, haitapotea. Bati la bafu lazima liwe na washa."

Kwa hiyo Jumamosi napigilia sarafu adimu kuliko zote kusini hii, kwa nyundo yangu, juu ya bafu la mama mkwe, na upande wenye herufi ametaka ukae chini, nisiuone tena. Atakayekuja kunishikia ngazi anakaribishwa, ila acheke kwanza hapa hapa, amalize.