Ombi la Kushindwa Uchaguzi Kabla Sijafa

Cobble Falls,
Mwanzoni mwa Oktoba

Kwa Ndugu Mhariri wa gazeti letu la kila wiki,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mashine yako ya kuchapia, ambayo nasikia siku hizi inakohoa kuliko mimi. Mimi ni Alden Peaslee, mbunge wa Cobble Falls katika Bunge la jimbo, si lile la Washington, hili letu dogo. Najua huhitaji nijitambulishe. Kila baada ya miaka miwili unachapisha picha yangu nikiwa nimeshinda, na kila mara nimefumba macho.

Nakuandikia kulalamika rasmi kuhusu wapigakura wa mji huu, ambao wanakataa kuniangusha.

Hali yenyewe ni hii. Daktari ameniambia, kwa upole na huku akitazama dirishani, kwamba huenda nisiwahi kugema utomvu mtamu wa miti yetu, ule tunaoupika kuwa sharubati, mwezi Machi. Sina ugomvi na jambo hilo. Nimeishi vya kutosha. Ugomvi wangu ni na Novemba, maana Novemba ndiyo uchaguzi, na nikichaguliwa tena nitafia madarakani. Na mbunge akifia madarakani, Bunge letu lina desturi yake: wabunge wote husimama, kisha jirani yake wa kiti humzungumzia marehemu kwa muda wowote apendao, na hakuna anayeruhusiwa kumkatiza, hata Spika. Mbunge aliyeshindwa uchaguzi hapewi hotuba. Familia yake hupelekewa kadi.

Jirani yangu wa kiti ni Fernand Gagnon. Naiomba kadi.

Fernand anatoka ng'ambo ya mto, kwenye nyumba za kile kiwanda cha zamani cha nguo. Tumekaa bega kwa bega zaidi ya miaka ishirini bila kukubaliana hata kama dirisha lifunguliwe au lifungwe. Siku moja alizungumzia makalavati mpaka wapishi wa mgahawa wa Bunge wakapanda ngazi kuja kuona kuna nini. Mtu kama huyo akikabidhiwa kifo changu na ruhusa ya kutokatizwa, jimbo halitapata bajeti mwaka huo. Tena ameshaniahidi. Mei iliyopita, katikati ya mjadala, aliniinamia akaninong'oneza: "Wewe tangulia tu, Alden. Nitawaeleza yote. Hata suruali."

Kwa kuwa naungama, naungama na hili. Asubuhi moja ya theluji umeme ulikuwa umekatika. Nikavaa gizani suruali ya sufu ya mke wangu Thelma, na nikaitetea bajeti ya barabara nikiwa ndani yake. Zipu ilikuwa ubavuni. Fernand peke yake ndiye aliyeona, kwa sababu alikuwa amekaa upande wa zipu.

Muhula wangu wa sasa unaisha mapema Desemba, na Thelma ananinywesha supu ili nifike. Kinachohitajika ni kushindwa tu. Lakini angalia ninavyotendewa.

1. Wapigakura hawasikii. Jumamosi, siku ambayo mji mzima hupeleka taka zake dampo na wagombea husimama pale penye pipa la chupa kuomba kura, nami nilikwenda na fimbo yangu, nikasimama, nikawaomba wasinipigie. Niliwaambia wazi kwamba sifai, nimechoka na nasahau. Dwight, msimamizi wa dampo, akamgeukia mtu mmoja aliyekuwa akishusha godoro.

"Unamsikia mzee? Hajipigi kifua. Wangapi wako hivyo siku hizi?"

"Mimi nilikuwa sijaamua," akasema mwenye godoro. "Sasa nimeamua."

Nilipata kura yake, na ya mkewe aliyekuwa ndani ya gari.

2. Kutogombea hakusaidii. Uchaguzi uliopita sikuchukua fomu. Lakini watu wa hapa, kama ujuavyo, wana haki ya kuandika kwa mkono jina la yeyote wamtakaye kwenye karatasi ya kura, na waliandika. Wengine waliandika Peaslee, wengine Alden, na mmoja aliandika "yule mzee wa trekta ya kijani". Karani wa mji alizihesabu zote kuwa zangu, akisema kuwa trekta ya kijani anaijua. Nikajiuzulu. Ukaitishwa uchaguzi mdogo. Niliushinda nikiwa hospitali, nimelazwa kwa ajili ya nyonga, na muuguzi akaniletea keki.

3. Mpinzani wangu si mpinzani. Bi. Renee Tibbetts, dereva wa basi la shule, ni mwanamke hodari. Anaijua kila barabara na kila mtoto wa mji huu, na ndiye ninayetaka achukue kiti. Nilimsihi agombee, na amegombea. Kisha namkuta dampo akigawa vipeperushi vyake na kumwambia kila anayepokea, "Lakini jamani, mzee Alden anaumwa. Msije mkamvunja moyo."

"Binti," nikamwambia, "nivunje."

Alinifunga skafu vizuri shingoni, akaniuliza kama nimekula.

4. Makosa yangu hayathaminiwi. Mwaka fulani watoto wa darasa la nne walileta muswada wa kumfanya konokono wa vijito vyetu kuwa kiumbe rasmi wa jimbo. Walikaa kule juu kwenye roshani, wamevaa kofia za karatasi zenye pembe. Mimi nilikuwa nimesinzia. Niliposhtuka nikabonyeza kitufe chekundu badala ya cha kijani, na muswada ukaanguka kwa kura moja. Moja, Ndugu Mhariri. Watoto walilia hata Spika akatafuta leso. Nilirudi nyumbani nikijua nimekwisha. Kesho yake baba wa mmoja wa watoto wale alinisimamisha mbele ya posta, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Asante sana," akasema. "Wa kwetu alishaanza kuwafuga bafuni."

Au chukua barabara ya Kilima cha Machimbo. Nimeahidi kuitia lami katika kila kampeni na sijawahi kuitia. Kila theluji inapoyeyuka, tope linameza magari mpaka milangoni. Ungedhani wakazi wa kule watanichukia. Wamenichongea kibao cha shukrani, kwa kuwa tope hilo ndilo linalowazuia matajiri wa Boston kununua nyumba za mapumziko huko.

5. Hata kufa sina uhuru nako. Nilikuwa nimeazimia kukuomba uchapishe kwamba nimeshakufa. Nilimweleza Thelma akiwa anamenya matufaha.

"Wataandika jina lako kwa huruma," akasema, bila kuinua macho. "Utashinda kwa kura nyingi kuliko zote ulizowahi kupata, na utaanza kujivuna."

Isitoshe, kwa hesabu ya Bunge nitakuwa nimefia madarakani mara mbili, na Fernand atadai hotuba mbili.

6. Kwa hiyo nimebakiwa na silaha moja, na naomba uichapishe ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa kuliko zote ulizonazo. Mimi, Alden Peaslee, tangu utotoni, nashabikia timu ya besiboli ya New York, hasimu mkubwa wa Boston ambayo mji huu mzima unaishabikia.

Ni kweli tupu. Baba yangu mdogo alinipeleka uwanjani kule nikiwa na meno ya utotoni, nikapenda, na sikuweza kuacha. Miaka yote hii nimekaa kwenye sebule za watu wa mji huu, nikala maharagwe yao, nikaishangilia Boston kwa mdomo tu. Mwaka ule Boston walipochukua ubingwa baada ya watu kungoja maisha mazima, nilitoka barabarani nikalia pamoja na wote. Machozi yalikuwa ya kweli, ila sababu ilikuwa nyingine. Thelma hajui. Kofia ya timu yangu iko ghalani, ndani ya ndoo ya kugemea.

Naamini hilo litatosha. Mji ukinichagua baada ya kusoma hayo, basi mji wenyewe umeoza na mimi ndiye mbunge anayeustahili, na itabidi nikuandikie barua nyingine.

Nisalimie mama yako, ambaye nasikia bado anapasua kuni mwenyewe. Msalimie mpigapicha wako na umwambie safari hii nitajitahidi kufumbua macho. Wasalimie wote wanaofunga magazeti kwa kamba siku ya Alhamisi, na kila atakayenipigia kura ya hapana, kama yupo.

Ni mimi ninayengoja kwa hamu kushindwa,
Alden Peaslee
Mbunge, mpaka hapo mtakaponihurumia

Nyongeza. Nilikuwa natafuta stempu, mara mlango ukagongwa. Ni Fernand. Alikuwa amevuka daraja kwa miguu, amebeba pai ya nyama aliyooka mkewe. Alisema amekuja kufanya mazoezi ya ile hotuba mbele yangu, ili nikisikia uongo nimrekebishe ningali hai. Nikamwambia aanze.

Akasimama kando ya jiko, akavua kofia. "Mheshimiwa Spika," akasema, "rafiki yangu Alden." Akanyamaza. Akaanza upya. "Mheshimiwa Spika, rafiki yangu." Akanyamaza tena, akasema jiko letu linatoa moshi. Jiko letu ni la umeme. Mara ya tatu hakufika hata kwa Spika, na Thelma akampa taulo la vyombo.

"Usijione," akaniambia. "Ni mafua."

"Hotuba yenyewe ni fupi," nikasema. "Nimeipenda."

"Bado naifanyia kazi," akasema, akaketi na kuila pai aliyoniletea.

Ndugu Mhariri, sijawahi kumwona mtu huyu akikosa neno. Aliyeshindwa jikoni kwangu mbele ya watu wawili hawezi kufaulu mbele ya Bunge zima likiwa limesimama, na hakuna atakayeruhusiwa kumkatiza ili kumwokoa. Siwezi kulinyima jimbo tukio hilo kwa ajili ya kadi. Bi. Renee namwomba angoje kidogo. Daktari ananihakikishia kuwa hatangoja sana.

Basi tafadhali ichane barua hii, ukianzia na ile namba sita. Badala yake chapisha mstari mmoja tu, na picha yoyote uliyonayo: Peaslee anagombea tena, na ana afya ya kutosha kufia kazini.