Maharage Yangu na Meza ya Mtunza Stoo

Jumatatu, 3 Machi
Nimesoma kwamba ng'ombe wanachafua hewa kwa kucheua. Watu wakipunguza nyama, dunia itapata nafuu. Habari njema! Shida yangu hasa si dunia. Ni meza ya mtunza stoo. Kila mchana kiwanda kizima cha uchapaji kinamzunguka kwa ajili ya nyama yake ya kukaanga. Mimi, msahihishaji, nakula peke yangu nikitazama ukuta. Tangu mke wangu arudi kwao, hata nyumbani natazama ukuta. Nimebandika tangazo: Jumatano bila nyama, mezani kwangu, maharage naleta mimi.

Jumanne, 4 Machi
Nimechemsha sufuria kubwa tangu nitoke kazini mpaka gesi ikaisha. Bado magumu. Kumbe huwa yanalowekwa. Jirani, mjane wa mlango wa pili, aligonga kuuliza napika nini muda wote huo. Nikamwambia naokoa hewa. Akauliza, kwa gesi yote hiyo? Sikupenda sauti yake. Dada yangu alipiga simu kuuliza siku hizi nakula na nani. Nikasema mtandao unakatika.

Jumatano, 5 Machi
Walikuja. Meza ilijaa, nusura nilie. Kisha dada wa mapokezi akatafuna kidogo, akashika shavu. Fundi mitambo akakumbuka kwamba ameshiba. Wakachomoka mmojammoja. Alibaki mtunza stoo tu. Alimaliza sahani, akauliza habari za ng'ombe na hewa. Nilimweleza yote. Jamaa anapeleleza, hilo liko wazi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeibiwa kampeni! Mtunza stoo kaleta maharage, laini, yenye vitunguu na nyanya. Kawaambia watu kwamba nimemfumbua macho, nyama sasa ataonja mara mojamoja tu. Wote wakasema nao watajaribu. Wakanipigia makofi. Kisha akavuta kiti karibu yake, akasema kaka, njoo tule. Mbele ya watu wote! Ananicheka, huyo. Nikasema nina kazi nyingi. Nilirudi kwenye ukuta wangu.

Jumapili, 9 Machi
Nimekaa nikatafakari, kosa langu nimeliona. Maharage hayavuti watu. Na sasa mtunza stoo kaacha nyama, uwanja u wazi. Nimenunua paja zima la ng'ombe. Halikuenea kwenye friji, ikabidi nitoe mboga zote nizitupe. Nilipokuwa nazitupa, mjane wa mlango wa pili akatoka. Akasema baba, nimepika chakula kingi na niko peke yangu, nacho kikitupwa si kinachafua hewa vilevile? Ingia tule. Nikamshukuru, nikamwambia sina nafasi, kesho nina wageni.