Koti Lililofaulu Kiingereza

Idara ya Uratibu wa Foleni za Soko la Samaki la Mwaloni, Mwanza, inayo furaha kubwa kuwatangazia wananchi wote wa mwambao wa ziwa kwamba tatizo la foleni limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Ufumbuzi huo ni Kiingereza.

Mkurugenzi Rwehumbiza alilisoma tangazo hilo mwenyewe mbele ya wafanyakazi, amevaa koti lake la kijivu.

"Foleni ni nini?" aliuliza. Hakuna aliyejibu, maana swali la mkubwa pale kazini halikuwa la kujibiwa. "Foleni ni watu waliopangwa. Sentensi je? Ni maneno yaliyopangwa. Sasa mtu asiyeweza kupanga maneno ya Kiingereza atawapangaje wachuuzi wa dagaa?"

Makofi. Odeta naye alipiga, ufagio kaubana kwapani. Alikuwa kibarua wa kufagia kwa miaka miwili, na hoja nzito hakuwa na mazoea ya kuibishia. Aliitazama tu ikipita.

Likafuata la mtihani. Makao Makuu yangetuma msimamizi azungukie ofisi zote za mwambao zishindanishwe. Kila ofisi ingepanga sentensi moja, kila mfanyakazi akiwa neno moja. Ofisi ikifaulu, vibarua wake wanaajiriwa. Ikifeli, wanarudi walikotoka.

Odeta alitoka Sengerema, kwa shemeji yake, ambako alikuwa akilala jikoni na kuku. Kuku wenyewe walikuwa hawampendi.

Mratibu wa Mafunzo, Muganyizi, akachora miraba ya chokaa uani, akagawa vibao. Sentensi ilikuwa hii: The Director is always in his office. Akaifafanua kwa manufaa ya wote, kwamba Mkurugenzi yupo ofisini kwake siku zote. Watu wakatazamana. Kisha wakatazama ziwa.

Neno la kwanza akapewa Ngosha, dereva. La pili akapewa Mkurugenzi. Hapo mambo yakakwama.

"Muganyizi, mimi nisimame nyuma ya dereva?"

"Mkuu, Kiingereza ndivyo kinavyotaka."

"Kinaijua itifaki, hicho Kiingereza?"

Ngosha akakohoa. "Mkuu, hata kwenye gari si unakaa nyuma yangu?"

Mkurugenzi akalipima jambo hilo, akaona lina ukweli, akasimama.

Odeta akapata neno la nne, lile la "siku zote". Leonsia, mpika chai, akapewa la mwisho, ofisi, kutokana na upana wake.

"Kuanzia leo mimi ndiyo ofisi," Leonsia akasema. "Anayetaka chai apige hodi."

Mkurugenzi akatoa kanuni za mazoezi na za mtihani. Neno likishapangwa halihami, halisemi, na haliendi chooni bila kibali cha maandishi. Salamu tu ndiyo inaruhusiwa, kwa kuwa Idara ni ya watu wenye adabu.

Siku ya pili Mkurugenzi alipata majukumu ya kitaifa huko Usagara, akarudi jioni ananukia nyama choma. Siku ya tatu, majukumu tena. Lakini koti lake halikwenda Usagara. Koti lilikuwa na kazi yake ya miaka mingi, kukaa mgongoni mwa kiti ofisini, ili mwananchi akija kumuulizia bosi aambiwe, "Yupo, katoka kidogo." Muganyizi akaamuru kiti kibebwe pamoja na koti lake hadi mraba wa pili. Kibao kikabandikwa kifuani.

"Koti linakaimu," akatangaza. "Tuendelee."

Wakaendelea, jua na mvua. Odeta akakabidhiwa jukumu la nyongeza, kulipiga koti brashi kila asubuhi na kulifukuzia ndege makorongo, ambao walipenda kuja kusimama karibu yake na vipara vyao kama maafisa wastaafu. Kabla ya brashi aliinama kidogo. "Shikamoo, Mkuu." Koti halikujibu, naye hakuona tofauti. Kwa miaka miwili alikuwa akimwamkia Mkurugenzi getini bila kusikia kitu. Siku moja alimuuliza Muganyizi kulikoni, akaelimishwa kwamba marahaba ya Mkurugenzi inaanzia ngazi ya afisa.

Siku ya mtihani, msimamizi alikuwa Bi. Kokulinda, mama mwenye miwani na subira ndogo. Alipita mbele ya mstari akagusa vibao kimoja kimoja, kuanzia Ngosha, akaja kwenye koti, hadi Leonsia. "Wamo wote, wamepangika vizuri," akasema. Odeta akashusha pumzi.

Mara bodaboda ikaingia. Gari lisingewezekana, kwa sababu dereva alikuwa neno. Rwehumbiza akaruka chini, shati tupu, akakimbilia mraba wa pili akakuta umejaa.

"Wewe nani?" Bi. Kokulinda akauliza.

"Mimi ndiye Director!"

"Director yule pale. Nimemkuta asubuhi. Hajaomba hata maji."

"Mama, lile ni koti!"

"Koti la nani?"

"Langu!"

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Rwehumbiza akafumbua mdomo, Usagara ikamjia hadi kwenye ulimi, akaimeza. Akamgeukia Muganyizi, aliyekuwa ameanza kulichunguza ziwa. Akahamia kwa Odeta.

"Odeta! Mwambie mama mimi ni nani."

Odeta akawaza. Huyu akiwa Mkurugenzi, lile ni koti tu. Likiwa koti tu, sentensi ina shimo tangu asubuhi, na shimo lile lilikwenda moja kwa moja hadi kwa wale kuku. Kusema hakukuruhusiwa. Salamu iliruhusiwa.

Akaligeukia koti. "Shikamoo, Mkuu."

Koti kimya.

Akamgeukia Rwehumbiza. "Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba! Marahaba sana, mwanangu! Hujambo? Wa nyumbani hawajambo?"

"Yesu na Maria," Leonsia akanong'ona.

Bi. Kokulinda akavua miwani. "Mratibu, Mkurugenzi wenu huwa anaitikia salamu ya mfagizi?"

"Haijawahi kutokea, mama."

"Basi huyu siye."

Ofisi ikafaulu. Makao Makuu yakalithibitisha koti katika cheo, yakalipongeza kwa mahudhurio mema na kwa kutotoa kauli tata. Vibarua wote wakaajiriwa, Odeta akiwemo, akapewa sare yenye jina lake. Nafasi yake ya zamani ikatangazwa. Mwombaji akajitokeza mmoja tu, mwenye uzoefu mkubwa wa kiutawala.

Jumatatu asubuhi Odeta alimkuta amesimama mbele ya kiti, brashi mkononi, ameinama kidogo.

"Shikamoo, Mkuu," Rwehumbiza alikuwa akisema. Akangoja. Akarudia kwa sauti zaidi, isije ikawa upepo wa ziwa umeichukua ile ya kwanza. Kisha akageuka, macho yamemtoka.

"Odeta, mbona haliitikii?"

"Halina neno na wewe, baba," Odeta akamwambia kwa upole, akimnyooshea kidole korongo aliyekuwa anasogea. "Utazoea."