Mashimo Kumi na Moja ya Suruali ya Chura

Jumatatu, 8 Julai

Ndege ya asubuhi imemleta daktari wa mimea. Si wa sindano, wa majani. Dkt. Annick Thibault kutoka kusini, yule wa kila kiangazi, anayevaa wavu wa mbu hata akiwa ndani ya nyumba. Kikao kimefanyika ofisi ya baraza. Chai, mkate wa kikaango, siagi. Nimekula vipande vinne ili nionekane mtulivu.

Habari kubwa! Jumamosi helikopta inakwenda Ziwa Wapatik. Abiria watatu tu. Yeye daktari. Shangazi Harriet, kwa sababu hakuna mtu kijijini anayeijua mimea kama yeye. Na mtu mmoja wa kubeba mizigo na kukata kuni. Kiti kimoja!

Wapatik ndiko iliko kambi ya marehemu baba. Nilizaliwa pale, ndani ya hema, msimu wa kuwinda bata bukini. Tangu mto uzibwe kwa ajili ya umeme, mtumbwi haufiki, na majira ya baridi barafu ya huko haiaminiki tena kupita juu yake. Miaka ishirini na miwili sijakanyaga. Kiti hicho ni changu. Hakijajua tu.

Tatizo ni binamu yangu Alban. Naye anakitaka. Alban ana pikapu mpya na kidude cha setilaiti cha kumwambia yuko wapi, kana kwamba mtu anaweza kupotea kwenye kijiji cha barabara tatu. Anataka kwenda Wapatik kuvua samaki apige picha. Kuvua samaki!

Dkt. amesema atachagua Ijumaa, na angependa mtu mwenye macho ya mimea. Mwaka huu anatafuta suruali ya chura. Ule mmea wa kinamasini wenye majani kama vikombe, unaokunywa mvua na kula inzi. Bibi zetu waliuchemsha, yeye anaupima kwa ajili ya wenye kisukari. Nikamwambia mbele ya watu kwamba mimi na suruali ya chura ni ndugu. Alban akauliza kwa sauti ni lini mara ya mwisho tulitembeleana. Watu wakacheka. Mke wangu Verna naye akacheka. Nimemwona.

Jumanne, 9 Julai

Nimekwenda kwa shangazi kwa heshima zote. Kinamasi chenye suruali ya chura ni kimoja tu karibu nasi, na ni chake, tangu kwa mama yake. Hakuna anayempeleka mgeni pale bila ruhusa. Nimempa tumbaku kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Tumbaku yangu nzuri ya kiko, ile yenye harufu ya tunda la cheri, ambayo duka linaniagizia mimi peke yangu. Nikamwomba niwe wa kumpeleka daktari kinamasini.

Akaitia kwenye mfuko wa aproni. Akaendelea kushona kiatu cha ngozi. Kimya. Nikakaa. Nikala samaki wa moshi. Kimya. Nikasifu kiatu. Kimya. Saa nzima! Mwishoni akasema nirudi kesho jioni nisikie jibu. Ndiyo desturi, jibu la mzee halikamuliwi. Unatoa tumbaku, unakwenda zako, unarudi, unakaa mpaka usemeshwe.

Natoka, macho yakaangukia dirishani. Tumbaku ya Alban! Pakiti kubwa kama mto wa kulalia! Kumbe mwenzangu alishatangulia.

Nimefika nyumbani nikiwa nimechafuka roho. Verna akaniambia nitulie, haraka haraka haina baraka. Nikamwambia baraka haina kiti kwenye helikopta. Akaniambia hata mimi sina.

Sisubiri. Mtu mwenye pakiti ndogo akisubiri, anasubiri kushindwa. Kama kinamasi ni cha shangazi, basi mimi nitakuwa na mahali pangu mwenyewe. Nimepata wazo. Zuri mpaka nimetembea chumbani mara tatu.

Jumatano, 10 Julai

Imefanyika!

Jumatano saa moja jioni ni bingo ya redioni. Jua la kiangazi huku kwetu kaskazini bado liko juu, lakini kijiji kizima kiko ndani, kila mtu na kadi zake. Hata mbwa hubweka kwa adabu. Shangazi Harriet hajakosa bingo kwa miaka tisa. Nikapanda pikipiki yangu ya magurudumu manne, ndoo mbili nyuma, koleo, na wavu wa kujikinga na visubi, wale inzi wadogo wanaouma. Wavu una tundu. Visubi wote wa kaskazini wanalijua tundu hilo.

Kinamasi kikanimeza hadi magotini mara mbili. Buti la kushoto likabaki, nikalirudia. Nimeng'oa suruali za chura kumi na moja, na mizizi yake, taratibu kama mtu anayetoa mayai chini ya kuku mkali. Na kwenye kila shimo nimeweka tumbaku kidogo. Huchukui kitu ardhini bila kutoa kitu. Baba alinifundisha hivyo kabla hajanifundisha kufunga kamba za viatu. Mjanja ni mjanja, lakini sina roho ya kuchukua bure.

Kisha nikazipanda kwenye machimbo ya mchanga, njia ya kwenda uwanja wa ndege. Hakuna mtu anayekwenda pale. Kuna godoro la zamani na mafuvu ya vifaa vya ujenzi. Nimezimwagilia kwa birika la chai. Zimesimama vizuri, zinapendeza, utadhani zimezaliwa pale.

Visubi wamenifumba jicho moja. Verna aliponiuliza nilikuwa wapi, nikasema natembea kwa afya yangu. Akanitazama jicho. Akasema afya imeanza kuonekana.

Kwa hiyo nimekosa kwenda kwa shangazi kusikia jibu. Si neno. Alikuwa na bingo yake.

Alhamisi, 11 Julai

Asubuhi nimemwambia Dkt. Thibault nina mahali pangu pa siri. Pa familia. Akachukua begi lake. Alban naye akaja, hakualikwa, na kidude chake mkononi.

Tukafika. Dkt. akasimama. Akavua wavu. Akapiga magoti mchangani! Nikajua kiti kimepatikana.

Akaanza kuongea haraka, nusu kwa Kifaransa. Nilichoelewa ni kwamba mmea huu hukaa kwenye maji, na hapa uko kwenye mchanga mkavu, jambo ambalo hajapata kuliona maishani. Akauliza umekuwa hapa muda gani. Nikasema tangu babu. Akaandika. Akauliza kama babu aliwahi kusema lolote kuhusu mchanga. Nikasema babu alikuwa mtu wa maneno machache. Akaliandika na hilo.

Akapima. Akapiga picha. Akatia mchanga kwenye vifuko. Akanishika mkono kwa mikono miwili, machozi yanamlengalenga, akasema hili litabadilisha kazi yake yote. Kisha akasema, kwa furaha kabisa, kwamba helikopta ya Jumamosi anaifuta. Ziwa litasubiri mwaka ujao. Atakaa wiki nzima hapa hapa, kwenye machimbo!

Mungu wangu.

Nikamwambia Wapatik kuna mimea mizuri zaidi. Akasema haiwezekani. Nikasema hapa kuna godoro linanuka. Akasema amezoea. Nimemshawishi mwanamke wa watu mpaka nimejifungia mlango mwenyewe!

Tulipofika barabarani Alban akanisogelea, akaniambia polepole kwamba Jumanne alikuja pale kutupa matairi, na suruali ya chura haikuwepo, wala babu yetu.

Ijumaa, 12 Julai

Siku mbaya. Naiandika yote, na iishe.

Asubuhi na mapema nimekwenda na birika. Suruali za chura zimelala chini, vikombe vimekunjamana. Ninamwagilia, nazibembeleza, naziambia zivumilie. Pikapu ikasimama nyuma yangu. Alban ndiye dereva. Dkt. Thibault kakaa nyuma na mizani yake. Mbele, ameketi wima, Shangazi Harriet, mwenye miaka themanini na moja, na buti za kinamasi miguuni.

Alishuka peke yake. Alikataa mkono wa Alban. Akasema ametoka kinamasini. Amekuta mashimo kumi na moja. Akasema kwanza alidhani ni dubu. Lakini dubu haachi tumbaku. Akafungua kiganja. Kulikuwa na tumbaku kidogo, imelowa. Akainusa, akampa Alban ainuse, akampa daktari ainuse. Cheri!

Akaniuliza, mbele ya wote, "Hivi wewe Murdoch, siku hizi wezi wanaaga?"

Alban akacheka mpaka akaegemea pikapu yake mpya. Za mwizi arobaini, wanasema. Zangu hazikufika tatu.

Dkt. hakucheka. Alifungua daftari, akachana kurasa nne, moja moja. Nikamwomba radhi. Nikasema babu hakusema chochote kwa sababu babu alikufa kabla machimbo hayajachimbwa. Akajibu kwamba sasa anaelewa ule uchache wa maneno. Akapiga simu helikopta irudishwe.

Shangazi akaniamuru nirudishe kila mmea kwenye shimo lake. Si shimo lolote, lake. Nimebeba ndoo mbili, yeye kakalia ya tatu iliyopinduliwa, anaelekeza kwa fimbo. Huo ni wa kule. Hapana, huo mdogo ni wa hapa, mama yake ni yule pale. Saa tano nzima! Daktari alisimama pembeni akiangalia na kuandika. Yale niliyotaka kumwonyesha kwa ujanja, ameyaona nikiwa nimezama hadi kiunoni.

Tukiwa kwenye shimo la tisa, shangazi akaniuliza kwa nini. Sikuwa na nguvu za kutunga. Nikamwambia nataka kuona kwa baba. Basi. Nikamwambia nimeanza kusahau jiko lilikuwa upande gani wa hema.

Akasema jiko lilikuwa kushoto. Halafu akaniambia jambo ambalo limenimaliza kabisa. Jumatano jioni alikaa kunisubiri. Alizima redio! Alikosa bingo, mara ya kwanza kwa miaka tisa, ili anipe jibu, na jibu lilikuwa ndiyo. Ndiyo ya kinamasi, na ndiyo ya helikopta. Alikuwa ameshamwambia daktari kwamba kwa kaka yake anakwenda na mtoto wa kaka yake. Pakiti ya Alban alimrudishia siku ile ile, maana mtu haombi ziwa kwa ajili ya picha.

Ningekaa tu! Ningekula samaki na kukaa!

Nikamuuliza kama bado. Akasema hilo si lake tena, aliyedanganywa ni mwingine. Nimerudi nyumbani bila buti la kushoto. Safari hii sikulirudia.

Jumamosi, 13 Julai

Nimekwenda uwanjani kuwaaga tu. Naapa. Nimebeba kikapu cha shangazi, mkate na bata bukini wa moshi, nikiwa nimevaa viatu vya kanisani. Alban alikuwepo tayari na fimbo tatu za kuvulia samaki.

Dkt. Thibault akanisogelea. Akasema amefanya kazi hii miaka kumi na nne, na wameshamdanganya mara nyingi, ila bado hajakutana na mwizi anayelipa kila shimo wakati hakuna anayemwona. Akasema mtu wa hivyo akiwa ziwani, mimea itabaki salama kuliko na mtu wa fimbo tatu. Kisha akasema nikimdanganya tena ataniacha huko nirudi kwa miguu. Nikakubali upesi kabla hajamaliza.

Alban alipewa kazi ya kulinda pikapu yake.

Niko Wapatik. Nimekaa kwenye gogo la baba. Nguzo za hema bado zimeegemea mti. Jiko liko pale, kushoto, limejaa majani ya misonobari na panya mmoja mwenye hasira. Shangazi aliweka tumbaku majini, akaita jina la kaka yake kwa sauti ya kawaida tu, kama anayemwita aje kula. Nimelia. Nimelia mbele ya rubani. Sijali. Nimefurahi kuliko siku ya harusi yangu, na Verna asisome hapa.

Saa nne tu tulizopewa. Nimekata kuni za wiki mbili.

Jumapili, 14 Julai

Nimeamka nikiwaza. Verna hajapaona. Binti yetu hajapaona. Wanaijua Wapatik kwa mdomo wangu tu, na mdomo wangu wanaufahamu.

Baada ya kanisa Dkt. Thibault amekuja kunywa chai, Shangazi Harriet akiwepo. Ameshukuru, amesema kazi imekwisha, kesho anaondoka. Helikopta haitarudi kule mpaka mwaka ujao, isipokuwa kama kungekuwa na sababu.

Nikajikuta nikisema kwamba upo mmea mmoja, upande wa kaskazini wa ziwa, nyuma kabisa ya kambi ya baba. Mdogo. Maua ya zambarau. Huchanua Agosti tu, siku chache. Wa kuubebea vifaa wanahitajika watu watatu, hata ikibidi helikopta iende mara mbili, na watu watatu hao ninao humu humu nyumbani.

Verna akaweka birika chini. Daktari akanitazama kwa muda. Akamgeukia shangazi, akamuuliza kama kweli anaujua mmea huo.

Shangazi akanywa chai yake. Akafuta mdomo. Akasema anaujua sana. Halafu akasema upo na mwingine, wa Septemba.