Makoti Ishirini ya Balozi

Balozi hakuwa balozi wa nchi yoyote, ila suti alikuwa nayo. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye duka la kutoa kopi, akisubiri kopi za hati ya kiwanja ambacho alishakiuza mara tatu, macho yake yakaangukia barua ya binti aliyekuwa mbele yake. Binti amepata nafasi ya kwenda ng'ambo kusoma Kichina. Ada imelipwa. Kula, kulala na kuvaa, ajitegemee.

Mate yakamjaa Balozi kinywani. Mzazi aliyelipiwa ada lazima atakuwa na pesa ya matumizi chini ya godoro, na pesa ya chini ya godoro, masikini, hukosa hewa. Mtu mwema ataachaje kwenda kuiokoa?

Akamfuata binti polepole mpaka kwao. Mama yake alikuwa fundi cherehani, kazi anaifanyia chumba cha mbele. Ukutani kibao cha chaki: *Nusu kabla ya mkasi. Mkasi ukigusa kitambaa, nusu hairudi.*

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Suruali au shati?"

"Nimekuja kwa ajili ya mtoto. Mimi ndiye Balozi, ninayewapokea wanafunzi wetu kule." Akakunjua karatasi. "Kitanda cha bweni. Kadi ya kantini, bila hiyo hupewi hata chai. Maji ya moto ya kuoga, nayo yana kadi yake."

"Maji ya kuoga yana kadi?"

"Mama, kule cha bure ni baridi tu. Wewe unanikabidhi matumizi ya muhula mzima, mimi namlipia kila kitu kabla hajatua. Mwaka huu nina wanafunzi ishirini."

"Ishirini!"

"Simu haipoi."

Fundi akakata uzi kwa meno. Akainama, akatoa mkebe wa biskuti uliofungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli, akaubwaga mezani, meza ikaguna.

"Kila nilichonacho kimo humu," alisema.

Balozi akajitia kutazama dari. Shingo ikamkatalia.

"Lakini baba, hao ishirini, baridi hiyo ya bure wanaivalia nini?"

Balozi hakuwa amewaza kuwavisha. "Makoti," alisema.

"Anawashonea nani?"

"Ndiyo natafuta fundi."

"Basi umempata. Maana mimi moyo wangu mzito, maneno matupu hauyaamini. Siku nitakapokata koti la kwanza la wanafunzi wako, nitajua kweli una watu. Siku hiyohiyo nakufungulia mkebe."

Usiku huo furaha ilimnyima Balozi usingizi. Kesho yake akaleta pesa yote ya kiwanja, ya mara zote tatu, akalipa nusu ya bei ya makoti ishirini. Hakuomba hata kupunguziwa. Uungwana wa namna hiyo ulimshangaza hata yeye mwenyewe.

Fundi akahesabu, akaandika risiti, akaiweka pesa kifuani. Akatandaza kitambaa kizito mezani. Mkasi ukaingia, kra, kra, mpaka mwisho.

"Sasa mkebe, mama."

"Ahadi ni ahadi." Akaufungua.

Vifungo. Vifungo vyeusi, vyeupe, vya shaba, na bobini za chuma zilizojaa uzi.

"Mama, ni nini hiki?"

"Kila nilichonacho. Mtoto alikuwa hana hata pesa ya hiyo kadi ya maji. Jana nilikuwa na wasiwasi, pengine namwonea mtoto wa watu. Lakini nimeshona miaka kumi na saba, sijaona mtu wa makoti ishirini asiyeomba kupunguziwa. Nikajua hawa watu hawapo."

"Nirudishie pesa yangu!"

Fundi akaelekeza mkasi ukutani, kwenye kibao. "Kwani nimekudhulumu? Kazi iko palepale. Hili nililokata ni la mwanafunzi wako wa kwanza, vipimo vyake ninavyo."

Pazia likasogea, binti akatoka huku amenyoosha mikono, tayari kujaribishwa.

"Shikamoo, mjomba. Ahsante kwa koti."

"Bado kumi na tisa," mama yake akasema. "Walete niwapime. Na ile nusu nyingine usiisahau."

Balozi akatafakari kwenda polisi. Akajaribu kupanga maneno: nimetapeliwa makoti ya wanafunzi ambao nimewatunga. Yalikataa kupangika. Akavaa uso wa mtu mwenye kikao mahali, akatoka.

Binti aliondoka mwisho wa mwezi, koti mkononi, kwa kuwa jua lilikuwa kali. Kitanda amelipia mwenyewe palepale chuoni, kadi ya kantini anayo, na maji ya moto anaoga mpaka wenzake wanagonga mlango.

Balozi siku hizi hupita upande wa pili wa barabara, haraka, ameinamisha kichwa. Haisaidii. Cherehani husimama, dirisha hufunguka, na sauti humfikia mbele ya watu wote:

"Balozi! Wanafunzi wamefika? Tepu ninayo shingoni!"