Namba 27 na Riba ya Shemeji Royston

Jumatatu, 11 Machi

Balaa! Riba nafuu ya mkopo wa nyumba yangu ya kupangisha, Namba 27, inakwisha tarehe 31. Baada ya hapo benki inanitupa kwenye riba yake ya kawaida, ambayo kwangu si riba, ni unyang'anyi. Nimempasha Glenys habari hizi wakati wa kifungua kinywa. Mke wangu aliendelea kupaka siagi tosti yake. Akasema nisipopata mkopo mpya kabla ya tarehe hiyo, tunaiuza nyumba na kununua karavani, kile kijumba cha magurudumu, kule pwani ya Morecambe.

Tunaiuza! Nyumba niliyoinunua kwa kiinua mgongo changu cha kiwanda cha biskuti! Ndiyo pekee ninayopangisha, na bila hiyo mimi ni mstaafu mwenye magoti mabovu tu. Halafu mpangaji wangu, Bi Winnie Threlfall, ana miaka themanini na moja na kasuku wadogo sita. Nani atampokea na ndege wake?

Jioni klabuni, kwenye mchezo wa kurusha vishale. Royston, kaka yake Glenys, ana nyumba tatu za kupangisha na hakubali tusahau. Alingoja hadi nimenyanyua mkono kulenga ndipo akatangaza kwamba amepata mkopo wa riba ya asilimia 4.39. Kishale changu kikatoboa picha ya mwenyekiti wa klabu. Royston akanipiga begani: "Usijali, shem. Kuna wenye nyumba na kuna wenye kijumba."

Wote walicheka. Hata mwenyekiti.

Jumanne, 12 Machi

Kwa Bi Prudhoe, dalali wa mikopo, ofisi iliyo juu ya duka la chipsi. Mwanamke makini ila hana moto. Akasema jambo langu ni rahisi: nibaki na benki yangu, wananipa asilimia 5.19, hakuna ada, hakuna mthamini, hakuna mwanasheria, nakubali kwa simu nikiwa na ndara miguuni.

Tano nukta moja tisa! Nikimtajia Royston hiyo, nitahama mji. Nikauliza riba ya chini kuliko zote Uingereza nzima ni ipi. Akashusha pumzi, akanigeuzia kompyuta. 4.29! Moyo uliruka. Chini ya Royston!

Akanionyesha kwa kalamu kwamba ada yake ni pauni 3,995. Mkopo wangu ni elfu sitini tu, kwa hiyo nitakachookoa kwenye riba kwa miaka miwili hakifiki hata theluthi ya ada. Ofa kama hizo, akasema, ni za watu wenye mikopo mikubwa. Nikamuuliza, ada si inaongezwa kwenye mkopo? Basi kwa kweli hakuna anayeilipa. Alivua miwani, akaniangalia muda mrefu. Nadhani hajawahi kupata mteja wa aina yangu.

Kuna masharti mawili madogo. Benki hiyo mpya inaona kodi ya Bi Winnie ni ndogo mno, inataka ipande pauni ishirini kwa mwezi. Na lazima mthamini aje aione nyumba. Nimelipa gharama ya mthamini papo hapo. Hairudishwi, lakini nani anataka irudi?

Njiani nimempigia Royston na kumtajia riba yangu. Akakata simu! Mlio mtamu ajabu.

Alhamisi, 14 Machi

Siku ya kupandisha kodi. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo: sauti nzito, nyusi chini. Glenys alipita na kapu la nguo akauliza kama tumbo linaniuma.

Bi Winnie alifungua mlango kabla sijabisha. "Karibu, Clifford mwanangu! Nilijua utakuja, nimekuokea keki ya tangawizi." Nikakaa. Nikala. Nikasema maisha yamepanda. Akasema kweli kabisa, hata mtama wa ndege umepanda, juzi alilia dukani. Nikala kipande cha pili. Akanionyesha yule kasuku mdogo wa bluu, amempa jina Clifford, kwa sababu ni mwoga lakini ana roho nzuri.

Nimerudi nyumbani saa kumi na moja. Matokeo ya mazungumzo: kodi imeshuka pauni tano, na nimeahidi kumpakia rangi kibanda cha nyuma. Keki iliyobaki amenifungia kwenye karatasi.

Glenys alicheka hadi akashika meza.

Ijumaa, 15 Machi

Nimepata suluhisho! Bi Prudhoe anasema mthamini akiandika kwamba nyumba ile inastahili kodi kubwa zaidi sokoni, benki itaridhika hata kama Bi Winnie analipa kidogo. Mthamini anakuja Jumanne, kati ya asubuhi na jioni. Kwa hiyo kila kitu kiko mikononi mwa mtu mmoja, na watu mimi nawajua. Wathamini nao wana pua. Wana matumbo. Nitamlainisha.

Glenys ameuliza kwa nini nisipige ile simu ya ndara. Nimemwambia hana jicho la biashara. Akasema karavani aliyoichagua ina mapazia ya njano.

Jumanne, 19 Machi

Nimefika Namba 27 alfajiri. Mkate ndani ya oveni ili nyumba inukie. Maua kila dirisha. Kasuku wote bafuni, taulo juu ya tundu. Bi Winnie amevaa mkufu wake wa lulu na kuniuliza anakuja nani, mfalme? Nikamwambia ni zaidi ya mfalme.

Tatizo lilikuwa maegesho. Mtaa wetu magari yamebanana, na mtu akizunguka mara tatu kutafuta nafasi hawezi kuthamini nyumba kwa moyo mweupe. Kwa hiyo niliweka ile koni ya barabarani niliyoiokota walipochimba bomba la gesi. Nafasi safi kabisa, mbele ya mlango.

Basi saa nne hivi likaja gari dogo la kijivu. Jamaa akashuka, akasogeza koni yangu kwa mguu. Kwa mguu! Akaegesha, akafungua pai ya nyama, akaanza kutafuna huku akiitazama nyumba yangu kama anaichagua. Nilitoka mbio na aproni. Akashusha kioo, akaanza kusema samahani, yeye ni nani sijui. Nikamkatiza. Nikamwambia hata akiwa askofu, hapa panasubiriwa mtu wa maana. Akasema anahitaji dakika kumi tu. Nikamwambia wote husema hivyo. Nikaandika namba ya gari lake kwenye mkono wangu, waziwazi, anione.

Akaondoka bila kubishana. Majirani wawili walinipigia makofi. Nikairudisha koni mahali pake na kujisikia kijana tena.

Mthamini hakutokea. Tumengoja hadi jioni, mkate tumeula mimi na Bi Winnie kwa jamu, kasuku wakaimba bafuni. Siku nzuri, ila watu hawaheshimu miadi.

Jumatano, 20 Machi

Nimekwisha.

Bi Prudhoe amepiga simu. Alinisomea taarifa ya mthamini, pole pole: kazi haikufanyika, mthamini alifukuzwa na mwanamume mwenye aproni. Kisha akaniuliza kama namjua huyo mwanamume.

Nafasi nyingine ya mthamini ni katikati ya Aprili. Gharama nyingine. Na tarehe 31 itakuwa imepita. Nimeosha ile namba ya gari mkononi kwa sabuni, haitoki.

Nimekwenda kumwambia Bi Winnie kwamba huenda nyumba ikauzwa. Nilitaka kuwa mwanamume lakini nililia mimi kwanza. Yeye alinipa leso, akasema nisijitese, amewahi kuhama mara nyingi. Halafu akageuka kulisha ndege, na mtama ukamwagika chini. Hapo nilijichukia kabisa.

Ijumaa, 22 Machi

Glenys aliamka, akaweka simu mezani, akaweka ndara zangu chini ya kiti.

Nikapiga. Benki yangu mwenyewe. Binti mmoja mchangamfu akauliza maswali manne, akanisomea masharti: asilimia 5.19, miaka miwili, hakuna ada, mkataba unaanza papo hapo, na nikitoka kabla ya muda kuna faini. Nikasema sawa. Chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Namba 27 imepona!

Nilikimbia na ndara hadi kwa Bi Winnie, Glenys nyuma yangu. Alinibusu mashavu yote mawili na kuwafungulia kasuku wakaruka sebuleni, mmoja akatua kichwani kwa Glenys, na Glenys, mtu wa karavani, akacheza dansi naye akiwa pale pale kichwani. Tulinunua samaki na chipsi za watu sita ingawa tulikuwa watatu. Sijafurahi hivi tangu siku ya harusi yangu.

Jumapili, 24 Machi

Chakula cha mchana kwa Royston. Nilikiri riba yangu mbele ya wote, nikangoja kuchekwa. Badala yake mkewe, Beryl, aliweka uma chini. Akauliza hakuna ada kabisa? Akasema riba tamu ya Royston ilikuja na ada iliyomeza safari yao yote ya meli, na likizo ya mwaka huu wataimalizia bustanini kwao. Royston akawa mwekundu kuliko bitiruti. Nimeshinda! Glenys alinibana mkono chini ya meza.

Wakati wa kukausha vyombo Royston aliniinamia. Akanong'ona kwamba kesho anahamia mkopo mwingine. Asilimia 4.19.

Jumatatu, 25 Machi

Nimepiga simu benki asubuhi kuuliza namna ya kutoka, nihamie mkopo mpya wa kumshinda Royston. Binti yule yule. Akashangaa, "Si ulikubali Ijumaa tu, baba?" Akanitajia faini ya kutoka mapema, akairudia ili ahakikishe nimesikia. Nilisikia. Nikamuuliza kama faini nayo inaweza kuongezwa kwenye mkopo huo mpya.

Ameniomba nisubiri amwite mkubwa wake. Bado nasubiri. Glenys yuko nje anaanika nguo na kuimba. Nitamwambia mambo yakishakamilika.